Kadari na Dhulma: Khabari ya Saratani katika Mashamba ya Marekani

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeumba maradhi na akaumba dawa yake, akamjulisha amtakaye na akamficha amtakaye. Na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Amma baad. Katika maneno yanayosemwa matangani hakuna linalopita mdomoni kwa wepesi kuliko hili: kwamba ajali ya marehemu imefika. Neno hilo ni la kweli, na asiyelisadiki imani yake haijatimia. Walakini neno la kweli huweza kuwekwa mahali pasipo pake, likawa ni pazia la kufunika jambo lisilopendeza kutazamwa. Mtu akifa kwa njaa hali jirani yake ana ghala iliyojaa, ajali yake imefika bila shaka; na yule jirani ataulizwa bila shaka. Ukweli wa kwanza haufuti ukweli wa pili. Watu wengi hushika ule wa kwanza kwa mikono miwili, kwa sababu hauwagharimu kitu.

Wanazuoni wamepokea khabari ya Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) alipokuwa safarini kwenda Shamu pamoja na majeshi, akafikiwa na habari kwamba tauni imeingia katika nchi ile. Akawashauri watu, wengine wakasema aendelee na wengine wakasema arudi, naye akaazimia kurudi. Abu Ubaida akamkabili akimuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akajibu kuwa naam, anaikimbia kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu. Na akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyeteremka bondeni penye ng'ambo mbili, moja yenye majani na moja kavu. Akiwalisha kwenye majani ni kwa kadari ya Mungu, na akiwalisha pakavu ni kwa kadari ya Mungu pia. Wala hapana mwenye ngamia atakayekubali udhuru wa mchunga aliyewaacha wakafa ng'ambo ya pili, akasema kuwa ndivyo ilivyoandikwa.

Kwa mizani hiyo ndiyo inayopasa kupimwa khabari itakayofuata, nayo ni khabari ya ugonjwa wa saratani katika mashamba ya Marekani, khasa kwa watu weusi na kwa wenyeji wa asili wa nchi ile.

Saratani ni neno la Kiarabu, na maana yake ni kaa, huyu huyu wa pwani. Wayunani ndio waliotangulia kuuita ugonjwa huu kwa jina la kaa, kwani waliona mishipa iliyovimba pembezoni mwa uvimbe ikatawanyika kama miguu yake. Na Ibn Sina akaueleza katika kitabu chake cha Kanuni. Mvuvi ajua tabia ya kaa: akiwa mchangani hushikwa kwa mkono, na akisha kuingia shimoni hutaka jembe, na pengine hilo jembe lisimpate. Na ugonjwa nao ni hivyo. Ukionekana mapema, aina nyingi zake huondoka. Ukichelewa, tabibu hubaki kupunguza maumivu.

Chukua saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo iliyo wazi zaidi kuliko zote. Karibu yote huletwa na kirusi kiitwacho papiloma, nacho huambukizwa kwa kukutana mume na mke. Mwanamume hukibeba pasi na kujua wala kuumwa, na mwanamke mtahirifu asiyemjua mtu ila mumewe huweza kukipata kwa huyo mumewe. Mara nyingi mwili hukitoa wenyewe. Kikikaa, huchukua miaka 10, au 15, au 20 hata kuwa saratani kamili, na katika muda wote huo mabadiliko yake huonekana kwa mwenye kuyatafuta. Mwaka 1943 tabibu Papanicolaou, Myunani aliyehamia Marekani, alitoa kitabu kilichoeleza namna ya kuchukua ute wa mahali pale na kuutazama kwa darubini, na kila nchi iliyofanya hivyo kwa utaratibu vifo vyake vilipungua sana. Kisha mwaka 2006 ikapatikana chanjo ya kumkinga msichana kabla hajaambukizwa. Basi mwanamke anayekufa kwa maradhi haya katika nchi tajiri kuliko zote duniani, aliyekuwa na muhula wa miaka 15 wa kuokolewa, si haki kumzika kwa neno moja la ajali na kurudi nyumbani.

Kusini mwa Marekani iko nchi iitwayo Ukanda Mweusi, inayokata katikati ya jimbo la Alabama. Jina hilo kwanza lilikuwa la udongo wake, ambao ni mweusi wenye rutuba. Kisha likawa ni la watu, kwa kuwa udongo ule ulifaa pamba, na pamba ikaletewa watumwa. Hawakufika huko kwa khiari yao. Na miongoni mwa watumwa wa majimbo yale ya kusini walikuwamo Waislamu waliojua kusoma na kuandika, kama Bilali wa kisiwa cha Sapelo katika jimbo la Georgia, aliyeacha karatasi za fikihi alizoziandika kwa Kiarabu. Utumwa ukafutwa mwaka 1865, mashamba yakabaki kwa wenyewe, na vizazi vya waliolima vikabaki palepale na mikono mitupu.

Mwaka 2018 jamaa wa Human Rights Watch walitoa ripoti juu ya wanawake wa Alabama, wakaonesha kwamba mwanamke mweusi wa jimbo lile hufa kwa saratani ya mlango wa kizazi karibu mara mbili ya mweupe. Sababu walizozikuta hazina siri wala miujiza. Wilaya nyingi za mashamba hazina hata tabibu mmoja wa wanawake. Mwenye kutaka kupimwa hana budi kwenda mji mwingine, na mabasi hayapo, na gari ni la jirani, na jirani ataka fedha ya mafuta. Kazi zao ni za ujira wa saa. Siku ya kwenda kwa tabibu ni siku isiyo na mshahara. Akipimwa akaambiwa arudi baada ya miezi mitatu, safari ni ileile na gharama ni ileile, na hapo ndipo wengi wanapokatika njiani, si kwa ujinga wao. Zaidi ya hospitali 100 za mashamba zimefungwa katika Marekani tangu mwaka 2010, na kila mlango uliofungwa umezidisha maili kwa mgonjwa.

Tena kuna jambo la sheria. Katika nchi ile mtu hutibiwa kwa bima, na asiye nayo hulipa mwenyewe, na gharama yake humfilisi tajiri sembuse mkulima. Mwaka 2010 dola ya Marekani iliweka sheria ya kupanua msaada wa matibabu kwa maskini. Mwaka 2012 Mahakama Kuu yao ikahukumu kwamba kila jimbo lina khiari ya kukubali au kukataa upanuzi huo, na Alabama hata kufikia mwaka 2025 ilikuwa haijakubali. Hapo pana mtu anayefanya kazi, aliye maskini mno hata asiweze kununua bima, wala si maskini wa namna ile ambayo sheria ya jimbo lake inamtambua. Amekaa baina ya milango miwili, na yote miwili imefungwa. Mwenye kufunga ana jina na ana cheo, na siku ya hesabu hataweza kusema kuwa ni kadari iliyofunga.

Ajabu kubwa katika khabari hii ni ile iliyotolewa na wakuu wa siha wa dola ya Marekani mwaka 2017: kwamba watu wa mashamba, ukiwahesabu kwa jumla, huugua saratani kwa uchache kuliko watu wa mijini, na hali wanaokufa kwayo ni wengi zaidi. Na mfano wake ni saratani ya matiti: wanawake weusi wa Marekani huipata kwa uchache kidogo kuliko weupe, na hufa kwayo kwa kiasi cha 40 katika mia zaidi. Msomaji na asimame hapa kidogo. Lau maradhi yangekuwa ndiyo muuaji peke yake, basi palipo na wagonjwa wengi ndipo pangekuwa na makaburi mengi. Ikiwa wagonjwa ni wachache na makaburi ni mengi, basi yuko muuaji wa pili, naye anakaa baina ya mgonjwa na dawa.

Huyo wa pili si umbali wa njia tu. Kuna umbali wa moyo, nao haupimwi kwa maili. Katika Ukanda huo huo Mweusi iko wilaya ya Macon, na mji wake ni Tuskegee. Tangu mwaka 1932 hata mwaka 1972 matabibu wa dola ya Marekani waliwaweka wanaume weusi wapatao 600, na 399 kati yao walikuwa na kaswende, ili watazame namna maradhi hayo yanavyomla mtu asiyetibiwa. Waliambiwa kwamba wana damu mbovu. Walipewa chakula siku ya kupimwa, na gharama za maziko, na hawakuambiwa ugonjwa wao. Kufikia mwaka 1947 penisilini ilikuwa ndiyo dawa ya kaswende inayojulikana na kila tabibu, nao wakazuiwa nayo. Wake zao wakaambukizwa, na watoto wakazaliwa nayo. Rais Clinton aliomba msamaha kwa niaba ya dola mwaka 1997, na waliokuwa hai wa kuusikia walihesabika kwa vidole.

Basi mwenye kuwalaumu wazee wa kule kwa kuiogopa hospitali, na awalaumu kwanza waliowafundisha khofu hiyo. Amana ikivunjwa na mwenye elimu huvunjika vibaya kuliko ikivunjwa na mwivi, kwa sababu mwivi hujulikana na watu hujihadhari naye, lakini tabibu mtu humvulia nguo.

Na iko khabari ya Henrietta Lacks, nayo imeandikwa na kujulikana dunia nzima. Alikuwa mwanamke mweusi, mkulima wa tumbaku katika kijiji cha Clover, jimbo la Virginia, kisha akahamia karibu na Baltimore. Mwaka 1951 alionekana ana saratani ya mlango wa kizazi katika hospitali ya Johns Hopkins, katika wadi ya weusi peke yao, akafa mwaka huohuo, naye ana miaka 31. Matabibu walichukua kipande cha uvimbe wake pasipo kumuomba idhini, wakakuta chembe zake hazifi: hukua na kuzaana ndani ya chupa pasipo kikomo. Chembe hizo zikapelekwa kila pembe ya dunia, zikasaidia kuijaribu chanjo ya polio, na makampuni yakatajirika kwazo. Wanawe hawakujua lolote kwa zaidi ya miaka 20, na kaburi lake halikuwa na jiwe la jina hata mwaka 2010. Mwaka 2023 ndipo warithi wake walipopatana na kampuni moja katika zile.

Jambo hili lina kina zaidi. Katika mwongo wa 1980, wataalamu wa Ujerumani chini ya Harald zur Hausen walipokitafuta kirusi kinacholeta saratani ile, mmoja wa virusi walivyovitambua walimkuta ndani ya chembe za mwanamke huyuhuyu. Kwa kazi hiyo zur Hausen alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2008, na kwa elimu hiyo ikapatikana chanjo. Yaani mwili wa mkulima mweusi ulitoa elimu ya kuwaokoa wanawake wa dunia, na wanawake walio mfano wake, weusi na wa mashamba, ndio walio nyuma kabisa katika safu ya kuipata faida yake. Fikihi ina mlango mrefu juu ya kughusubu mali ya mtu na kunufaika nayo. Wanafunzi wa elimu watajua wenyewe pa kuiweka mas'ala hii.

Sasa tutoke kusini mwa Marekani, twende magharibi, kwenye jangwa la Arizona, Utah na New Mexico, ambako kabila la Wanavajo, katika wenyeji wa asili, lina ardhi yake, yapata maili za mraba 27,000. Huko dhulma ilikuja kwa sura nyingine. Tangu mwaka 1944 hata mwaka 1986 yalichimbwa katika ardhi yao karibu tani milioni 30 za mawe ya uraniamu, kwa ajili ya mabomu ya dola. Vijana wa Kinavajo waliajiriwa, wakashuka mashimoni pasipo upepo wa kutosha, wakavuta vumbi, wakanywa maji yaliyotiririka katika kuta za mashimo, wakarudi nyumbani na nguo zilezile, wake zao wakazifua. Wengine walijengea nyumba mawe ya migodini. Katika lugha yao wanaiita leetso, na maana yake ni udongo wa manjano, na wengine huifasiri kuwa ni dubwana la manjano.

Matabibu wa dola walianza kuwachunguza wachimbaji hao mwaka 1950. Walikuwa wakijua tayari kuwa wachimbaji wa migodi kama hiyo huko Ulaya walikufa kwa saratani ya mapafu. Waliwapima, wakaandika daftarini, na hawakuwaambia kinachokhofiwa. Wanavajo ni watu wasiovuta tumbaku sana, na saratani ya mapafu ilikuwa nadra kwao. Walipohesabiwa wanaume wao walioipata tangu mwaka 1969 hata 1993, ilionekana kwamba thuluthi mbili walikuwa ni wachimbaji wa uraniamu. Imethibiti kwa Mtume (s.a.w.) kwamba alitia mkono katika chungu ya nafaka ya mwuzaji, akakuta umaji ndani na ukavu juu, akamkemea, na akamtoa mwenye kughushi katika umma wake. Hiyo ilikuwa ni nafaka. Nini hukumu ya mwenye kuuficha umauti ndani ya kazi ya mtu?

Mwaka 1990 dola ilitoa sheria ya kuwafidia wachimbaji na warithi wao, dola 100,000 kila mmoja. Fidia ikaja, na pamoja nayo likaja jambo jingine: wajane wakatakiwa cheti cha ndoa, nao wameolewa kwa mila ya kwao, mbele ya wazee, pasipo karatasi. Mjane aliyekaa na mumewe miaka 40, akamfulia zile nguo na kumwuguza hata akamzika, akaambiwa athibitishe kuwa alikuwa mkewe. (Wenye kuoza mabinti zao kwa nikaha iliyo sahihi na wasiiandikishe, na walitazame jambo hili, nikaha ni sahihi kwa Mungu, na kwa karani haipo.) Sheria ile ilirekebishwa mwaka 2000, ikaisha muda wake Juni 2024, ikafufuliwa Julai 2025. Na mashimo yaliyoachwa wazi, zaidi ya 500, mengi hayajasafishwa hata sasa. Mgonjwa wa Kinavajo alilazimika kwenda Flagstaff au Phoenix kutafuta dawa ya saratani, mpaka mwaka 2019, ilipoanza kutolewa katika hospitali ya Tuba City, ndani ya ardhi yao wenyewe. Nayo ndiyo ya kwanza ya namna yake katika ardhi yoyote ya wenyeji wa asili nchini Marekani. Maili zilipokatwa, watu walikuja.

Atasema msemaji: hao ni watu wa mbali, wala wengi wao si Waislamu, yawahusu nini watu wa pwani? Jawabu ni kwamba imepokewa kwa Sayyidna Umar, tena yeye huyohuyo, kuwa aliogopa kuulizwa na Mungu juu ya mnyama atakayejikwaa katika nchi ya Iraki, kwa nini hakumsawazishia njia. Naye alikuwa Madina. Yule hakuwa Mwislamu wala hakuwa mtu. Na njia mbovu baina ya mgonjwa na tabibu ndiyo mas'ala yenyewe iliyoko hapa.

Atasema wa pili: huenda ni damu yao, au ni vyakula vyao na tumbaku yao. Katika hili iko sehemu ya ukweli, na haifai kuificha. Tumbaku huua, na unene huua, na katika wanawake weusi iko aina ya saratani ya matiti iliyo kali, inayowapata zaidi kuliko weupe. Lakini sehemu si kitu kizima, na ushahidi wake uko katika jimbo dogo la Delaware. Huko, kuanzia mwaka 2002, serikali ya jimbo ilijitwika gharama ya kupima saratani ya utumbo mkubwa kwa kila asiyeweza kulipa, na gharama ya kumtibu atakayeonekana nayo, ikaweka na watu wa kumshika mkono mgonjwa kutoka mlango mmoja hata mwingine, na kuwatafuta weusi makanisani na majumbani kwao. Mwaka 2001 walikuwa wamepimwa weusi 48 katika mia. Mwaka 2009 wakafika 74, sawa na weupe. Vifo vya weusi kwa saratani ile vikapungua kwa 42 katika mia, na ile tofauti iliyokuwapo baina yao na weupe karibu ikatoweka. Ni miaka minane tu. Damu haikubadilika katika miaka minane, na kadari ya Mungu haikupindwa na wanasiasa wa Delaware. Kilichobadilika ni mchunga ngamia kuwapeleka ng'ambo yenye majani.

Na katika Ukanda Mweusi wenyewe, na katika delta ya Mississippi, tangu mwaka 2000 chuo kikuu cha Alabama kiliwafundisha watu wa vijijini, wengi wao wanawake wa kawaida wanaoaminiwa na majirani, wakawa wanapita nyumba kwa nyumba kuwahimiza wenzao wakapimwe, na kuwatafutia usafiri. Tofauti ya kupimwa matiti baina ya weusi na weupe mahali walipopita ikapungua sana. Mwaka 2023 Alabama ikatangaza mpango wa kuiondoa kabisa saratani ya mlango wa kizazi, ikawa jimbo la kwanza la Marekani kufanya hivyo. Kheri hii isifichwe, kama ilivyo kuwa dhulma haikufichwa. Ila mpango ni karatasi hata uwafikie watu wa mwisho wa njia.

Baada ya hayo, msomaji wa pwani ana sehemu yake, ambayo haiko Alabama. Maradhi haya ya mlango wa kizazi ni katika yanayowaua wanawake wengi zaidi Kenya na Tanzania, na chanjo yake hutolewa bure kwa wasichana, Tanzania tangu mwaka 2018 na Kenya tangu mwaka 2019. Iko minong'ono ya kwamba chanjo hii hukata uzazi. Waliodhulumiwa Tuskegee walikuwa na haki ya kushuku, kwani walifichwa. Anayeshuku hapa ana wajibu wa kuuliza, kwani khabari yake imewekwa wazi, na wasichana waliochanjwa katika nchi nyingi tangu mwaka 2006 wamekuwa wanawake na wamezaa. Asiyeuliza, kisha akaeneza mnong'ono, amebeba mzigo asioujua uzito wake.

Na ziko mas'ala mbili ambazo wanaume huzishika kuwa ni udhuru.

Ya kwanza ni sitara. Husemwa kwamba mke haonwi na mtu mwingine. Nao maulamaa wa madhehebu ya Shafii wameandika wazi kuwa kutazama na kugusa kwa ajili ya tiba kunaruhusiwa kwa kadiri ya haja: aanze mwanamke, na akikosekana mwanamke ndipo mwanamume, na asiwe peke yake naye, na pasifunuliwe ila panapohitajiwa. Wakunga na wauguzi wanawake wapo wengi, na siku hizi iko namna ya kipimo ambayo mwanamke huchukua ute wake mwenyewe kwa kijiti cha pamba, asionwe na mtu yeyote. Mwenye kuukataa mlango huo na asitaje sitara.

Ya pili ni gharama, na hii ni nzito zaidi. Katika Minhaji ya Imam Nawawi, ambayo husomwa darsani pwani yote, imo hukumu kwamba nafaka na mavazi ya mke ni juu ya mume hata akiwa mgonjwa, ama dawa na ujira wa tabibu haviko juu yake. Wako waume walioisikia hukumu hiyo mara moja na hawakuisahau, ambao husahau nyingine zote. Imam Nawawi alifariki mwaka 676 Hijria, zama ambazo tiba ilikuwa ni jambo la nadra, na mtu aliishi umri wake wote hajamwendea tabibu. Shekhe Wahba az-Zuhaili wa Shamu, aliyefariki mwaka 2015, amesema kuwa leo tiba imekuwa ni haja kama chakula, bali mgonjwa huitanguliza mbele ya chakula, na kwa hivyo ni katika matumizi yaliyo wajibu juu ya mume. Na wengi katika maulamaa wa zama hizi wako pamoja naye. Hata mwenye kushikamana na kauli ya zamani, imemwondolea wajibu wa kulipa. Haikumpa ruhusa ya kumzuia mke asiende, wala ya kukaa na nauli ya basi mfukoni hali anaona damu isiyokuwa ya hedhi, wala ya kungoja mpaka shemeji zake waje kumchukua dada yao. Jimbo lililokataa kuwapanulia maskini msaada nalo lilikuwa na sheria mkononi.

Dalili ambazo hazifai kungojwa ni damu baada ya kukutana na mume, na damu baada ya hedhi kukatika kwa utu uzima, na maji yenye harufu yasiyokoma, na maumivu ya kiuno yasiyoondoka. Na bora kuliko kuzingoja dalili ni kupimwa kabla hazijaja, kuanzia miaka 30, na mwenye upungufu wa kinga mwilini kuanzia miaka 25. Hospitali za serikali za wilaya hupima.

Wallahu aalam.